Christiaan Barnard: Aliyebadilisha moyo wa binadamu, akakwama kwenye moyo wa mnyama

Kisiwani Pemba, nguruwe hana rafiki. Nguruwe mwitu wa huko, ambao wengi wanaamini waliletwa na Wareno karne nyingi zilizopita, wanajulikana kwa kufukua mihogo usiku na kumwachia mkulima hasara. Dini inamkataza, shamba linamchukia. Ukimwambia mtu wa Micheweni au Kengeja kwamba mnyama huyu ndiye anayetazamiwa kutoa figo na moyo wa kuokoa binadamu, kwanza atakucheka, kisha atanyamaza, halafu atauliza swali zito.

Swali hilo lilianza kuwa la kweli barani Afrika, Cape Town, kwa mtoto wa mchungaji maskini. Jina lake Christiaan Neethling Barnard. Ndiye aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa moyo kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Miaka 10 baadaye akajaribu moyo wa nyani, kisha wa sokwe, na hapo akagonga mwamba.

Haya ndiyo maisha yake, na kwa nini mpaka leo yanamhusu mgonjwa wa figo aliyepo Pemba.

Mtoto wa Beaufort West

Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 katika mji mdogo wa Beaufort West, kwenye nyika kavu ya Karoo, zaidi ya kilomita 400 kutoka Cape Town. Baba yake, Adam, alikuwa mchungaji wa kanisa la watu waliowekwa na sheria za nchi ile katika kundi la machotara. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mchungaji wa kanisa la Wazungu mji uleule.

Kwa hiyo nyumba ile ilikaa pabaya kidogo. Walikuwa Wazungu, lakini baba anawahudumia watu ambao Wazungu wenzake hawakutaka kukaa nao benchi moja. Watoto waliliona hilo mapema.

Kuna jambo jingine waliloliona. Mmoja wa ndugu zake, Abraham, alizaliwa na ugonjwa wa moyo, akafa angali mdogo. Wakati huo hakukuwa na daktari Afrika nzima wa kuufungua moyo wa mtoto, kuurekebisha na kuufunga tena. Mtoto mwenye moyo mbovu alikuwa anasubiri siku yake tu.

Daktari wa kijijini anarudi skuli

Barnard alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Cape Town, akamaliza katikati ya miaka ya 1940. Akaenda kufanya kazi Ceres, mji wa wakulima wa matunda, kama daktari wa familia. Alizalisha akina mama, akatibu homa, akashona majeraha. Mwaka 1948 alimuoa Aletta Louw, muuguzi, wakapata mtoto wa kike na wa kiume.

Angeweza kubaki hapo maisha yake yote. Lakini jamaa alikuwa na njaa ya kazi kubwa. Alirudi Cape Town, akaandika utafiti kuhusu kifua kikuu cha utando wa ubongo, kisha akaingia kwenye tatizo la watoto wanaozaliwa utumbo umekatika au umeziba. Wengi walikuwa wanakufa hata baada ya kupasuliwa.

Kwa miezi mingi alifanya majaribio kwa mbwa wenye mimba, akishindwa mara nyingi, mpaka akaonyesha chanzo: kipande cha utumbo kimekosa damu mtoto akiwa bado tumboni. Baada ya hapo madaktari walijua wakate kiasi gani na waunge wapi. Watoto wakaanza kupona. Kabla hajagusa moyo wa mtu yeyote, tayari alikuwa ameokoa maisha.

Mwishoni mwa 1955 alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya Profesa Owen Wangensteen. Huko pia alikuwepo Walton Lillehei, mmoja wa waanzilishi wa upasuaji wa moyo uliofunguliwa. Barnard alifika bila pesa. Usiku na siku za mapumziko alifanya vibarua, kama kuosha magari na kuzoa theluji, ili ajikimu.

Hapo Minnesota aliona kwa mara ya kwanza mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo wenyewe umesimamishwa. Alitambua mara moja kwamba hii ndiyo kazi yake. Aliporudi nyumbani mwaka 1958, alirudi na shahada zake na mashine ya aina hiyo, zawadi aliyosaidiwa kuipata na Wangensteen.

Alirudi na kitu kingine pia. Hukohuko Marekani aligunduliwa kuwa na baridi yabisi kwenye viungo, ugonjwa unaokaza vidole. Kwa mtu anayeishi kwa kushona mishipa, hiyo ilikuwa saa inayohesabu kurudi nyuma.

Usiku wa Desemba 1967

Wengi wanadhani Barnard alikurupuka tu usiku mmoja. Si kweli. Kwa miaka mingi yeye na timu yake katika Hospitali ya Groote Schuur walipasua mioyo ya watoto na watu wazima, na katika maabara walifanya mazoezi ya kupandikiza moyo kwa mbwa. Mwaka 1966 alikwenda tena Marekani, Richmond, kujifunza kwa Profesa David Hume namna ya kuzuia mwili usikatae kiungo kigeni. Oktoba 1967 alipandikiza figo Cape Town, na mgonjwa yule aliishi miaka mingi.

Mbinu yenyewe ya kushona moyo mpya haikuwa yake. Norman Shumway wa Stanford ndiye aliyeipika kwa miaka mingi kwa mbwa, na wengi walitarajia Shumway ndiye atatangulia. Barnard alimpita mwishoni mwa mbio, na kuna madaktari Marekani ambao hawakumsamehe.

Jumamosi tarehe 2 Desemba 1967, msichana wa miaka 25, Denise Darvall, aligongwa na gari Cape Town akiwa na mama yake. Mama alifariki. Binti alifikishwa Groote Schuur ubongo wake ukiwa umeharibika kabisa. Baba yake, Edward, aliyekuwa amempoteza mke saa chache nyuma, akaombwa ruhusa ya kutoa moyo na figo za bintiye. Alifikiri dakika chache, akakubali.

Kwenye wodi alikuwepo Louis Washkansky, mfanyabiashara wa duka la vyakula mwenye miaka 50 na ushei, Myahudi mzaliwa wa Lithuania. Moyo wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba hata kupumua ilikuwa kazi.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 3 Desemba, timu ya watu wasiopungua 20, akiwemo Marius, mdogo wake Barnard, iliingia kwenye vyumba viwili vya upasuaji vilivyopakana. Moyo wa Washkansky ukatolewa. Wa Denise ukashonwa mahali pake. Ukapigwa shoti ya umeme, ukaanza kudunda. Ilikuwa alfajiri. Barnard alikuwa na miaka 45.

Kulipokucha dunia nzima ilijua jina lake.

Siku 18, na somo lake

Washkansky aliamka, akazungumza, akapigwa picha. Ila madaktari walikuwa wamempa dawa nyingi za kushusha kinga ili mwili usiukatae moyo mgeni. Kinga ilishuka kupita kiasi. Homa ya mapafu ikampata, na tarehe 21 Desemba, siku ya 18, akafariki. Moyo wenyewe ulikuwa unadunda vizuri mpaka mwisho.

Hili ndilo tatizo la upandikizaji wote, wa jana na wa leo. Mwili una askari wake. Wakiona kitu kisicho cha kwao wanakishambulia. Ukiwalaza askari hao, kiungo kinapona, lakini mlango unabaki wazi kwa kila ugonjwa. Daktari anatembea juu ya kamba: huku kukataliwa, huku maambukizi.

Tarehe 2 Januari 1968 Barnard alijaribu tena. Mgonjwa alikuwa Philip Blaiberg, daktari wa meno. Aliyetoa moyo alikuwa kijana wa miaka 24 aliyefariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo, na kwa sheria za Afrika Kusini alikuwa chotara. Kumbe moyo wake uliruhusiwa kuingia kifuani mwa Mzungu, wakati yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuishi mtaa mmoja naye. Blaiberg aliishi miezi 19. Dunia ikaamini kwamba jambo hili linawezekana.

Hata figo moja ya Denise Darvall ilikuwa na hadithi yake. Ilipewa mtoto wa miaka 10 ambaye naye alihesabiwa kuwa chotara. Magazeti mengi yaliandika kuhusu moyo tu, lakini ile figo ilivuka mpaka ambao wanasiasa walikuwa wameujenga kwa sheria na bunduki.

Serikali ya ubaguzi ilifurahia sana sifa alizoletewa na Barnard. Ilikuwa imetengwa na dunia. Dar es Salaam wakati huo ndiyo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Barnard mwenyewe aliusema ubaguzi hadharani kuwa ni mbaya, lakini alipokuwa nje mara nyingine aliitetea nchi yake, na wapo waliomlaumu kwa kuwa uso mzuri wa utawala mbaya.

Mtu amekufa lini?

Upasuaji ule uliibua swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu. Zamani mtu alikufa moyo ukisimama. Sasa moyo wake unaweza kudunda kifuani kwa mwingine. Je, yule wa kwanza amekufa lini?

Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitoa vigezo vya kutambua ubongo uliokufa bila kurudi. Nchi moja baada ya nyingine zikaandika sheria juu ya jambo hilo. Wanazuoni wa Kiislamu nao walijadili kwa miaka, na mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi mjini Jeddah lilipitisha azimio la kuruhusu upandikizaji wa viungo vya binadamu kwa masharti: pawe na ridhaa, pasiwe na biashara, na anayetoa akiwa hai asidhurike.

Kwa Mswahili jambo hili si dogo. Moyo kwetu ni mahali pa imani, uchungu na mapenzi. Kwa Barnard moyo ulikuwa pampu. Pampu ikiharibika, inabadilishwa. Kauli ya aina hiyo iliwaudhi watu wa dini nyingi, lakini ndiyo iliyomwezesha kushika kisu bila mkono kutetemeka.

Mwaka wa makaburi

Mwaka 1968 hospitali nyingi duniani zilitaka sifa kama za Groote Schuur. Mpaka mwaka unaisha, mioyo takriban 100 ilikuwa imepandikizwa. Wagonjwa wengi walikufa ndani ya wiki au miezi michache. Hospitali zikaanza kuacha moja baada ya nyingine.

Barnard hakuacha. Alikwenda polepole, akichagua wagonjwa kwa uangalifu. Mgonjwa wake mmoja aliyepandikizwa mwaka 1971 aliishi zaidi ya miaka 23. Mwaka 1974 alianzisha njia nyingine: badala ya kuutoa moyo wa zamani, aliuacha mahali pake na kushona moyo wa pili pembeni yake, usaidie kusukuma damu. Mpya ukigoma, wa zamani unashikilia.

Ahueni kubwa ilikuja miaka ya 1980, ilipoidhinishwa dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu waliopatikana kwenye udongo wa Norway. Dawa hiyo iliwalaza askari wa mwili bila kuwaangamiza wote. Upandikizaji ukarudi hospitalini kwa nguvu.

Hamilton Naki: ukweli na hadithi

Huwezi kusimulia maisha ya Barnard bila kumtaja Hamilton Naki. Kuna stori inayozunguka sana mitandaoni kwamba Naki, mtu mweusi aliyeajiriwa kama mtunza bustani, ndiye aliyetoa moyo wa Denise Darvall usiku ule, kisha akafichwa. Stori hiyo si ya kweli, na magazeti makubwa yaliyoichapisha mwaka 2005 yalilazimika kuisahihisha.

Ukweli wenyewe unatosha. Naki alitoka kijijini Transkei bila elimu kubwa, akaanza kazi ya bustani chuoni, kisha akaitwa maabara kusaidia kushika wanyama. Huko alijifunza kwa macho na mikono mpaka akawa fundi wa kupandikiza viungo kwa wanyama, hasa maini ya nguruwe. Madaktari wengi vijana walifundishwa naye kushona mishipa. Barnard alimsifu waziwazi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa shahada ya heshima. Alifariki 2005. Ubaguzi ulimzuia kuwa daktari, na hilo pekee ni kosa kubwa bila kuongezewa chumvi.

1977: nyani na sokwe

Tatizo ambalo Barnard hakuweza kulipasua kwa kisu lilikuwa hili: mioyo ya kupandikiza haitoshi. Ili mmoja apone, lazima mwingine afe, tena afe kwa namna maalumu, karibu na hospitali, na familia ikubali.

Wengine walishawaza wanyama. Mwaka 1963 na 1964, Keith Reemtsma wa New Orleans alipandikiza figo za sokwe kwa wagonjwa 13. Wengi hawakufika mbali, lakini mwalimu mmoja aliishi miezi 9. Januari 1964 James Hardy, kule Mississippi, alijaribu moyo wa sokwe. Ulikuwa mdogo mno, haukumaliza hata nusu siku.

Mwaka 1977 ikawa zamu ya Barnard. Mara ya kwanza mgonjwa alikuwa mwanamke kijana aliyefanyiwa upasuaji wa valvu, moyo wake ukagoma kuanza tena. Hakukuwa na moyo wa mtu. Barnard akamshonea moyo wa nyani pembeni ya moyo wake. Ukafanya kazi saa chache, ukashindwa. Mara ya pili, mwaka huohuo, alitumia moyo wa sokwe kwa mwanamume wa makamo. Aliishi siku 4. Basi, ikaishia hapo.

Katika kumbukumbu zake Barnard alisimulia jambo lililomkaa. Sokwe walikuwa wawili, wakiishi vizimba jirani. Alipochukuliwa mmoja, yule mwingine alilia siku nyingi. Barnard aliamua kutofanya tena majaribio kwa viumbe wanaohisi kiasi hicho. Daktari aliyeuona moyo kama pampu alikutana na mnyama aliyeombolezea mwenzake.

Umaarufu na vidole vilivyokaza

Baada ya 1967 Barnard aliishi maisha ya staa. Alikutana na Rais Lyndon Johnson wa Marekani na Papa Paulo VI. Alipigwa picha na waigizaji wa filamu. Ndoa yake ya kwanza haikuhimili, ikavunjika mwaka 1969. Alioa tena 1970 na tena 1988. Zote mbili nazo zikaishia talaka. Mwanawe Andre, naye daktari, alifariki mwaka 1984, na msiba huo ulimvunja sana.

Vidole vilizidi kukaza. Mwaka 1983 aliacha upasuaji. Baadaye alikubali jina lake litumike kutangaza krimu ya ghali iliyodaiwa kurudisha ujana wa ngozi. Madaktari wenzake walimshambulia, na heshima yake ikapata doa ambalo yeye mwenyewe alilijutia.

Alikaa miaka kadhaa Oklahoma, Marekani, kama mshauri wa kituo cha upandikizaji. Tarehe 2 Septemba 2001, akiwa mapumzikoni Paphos, Cyprus, alipatwa na shambulio la pumu, akafariki. Alikuwa na miaka 78. Wengi walidhani ni moyo. Kumbe ni pumzi.

Kutoka Groote Schuur hadi kwa nguruwe

Mmoja wa madaktari waliofanya kazi na Barnard Cape Town alikuwa Mwingereza, David Cooper. Miaka ya 1980 alihamia Oklahoma, na huko yeye na wenzake walionyesha kwa nini kiungo cha nguruwe kinaharibika ndani ya dakika au saa kikiwekwa kwa binadamu. Seli za nguruwe zina sukari fulani juu yake ambayo binadamu hana. Damu ya mtu ina askari walio tayari dhidi ya sukari hiyo tangu utotoni. Wakiiona, wanaigandisha damu kwenye kiungo chote.

Swali likawa jepesi kulitamka na gumu kulitenda: vipi kama nguruwe atazaliwa bila sukari hiyo?

Mwaka 2002 watafiti walitangaza nguruwe wa kwanza waliozimwa jeni inayotengeneza sukari ile. Miaka 10 baadaye ikaja mbinu ya Krispa, inayohariri jeni kama mtu anavyofuta neno kwenye simu na kuandika jingine. Sasa wangeweza kuzima jeni kadhaa za nguruwe na kuingiza za binadamu kwa mnyama mmoja.

Kwa nini nguruwe na si sokwe? Viungo vyake vina ukubwa unaokaribiana na vyetu. Hubeba mimba takriban siku 114 tu na huzaa watoto wengi. Sokwe ni wachache, wanakua taratibu, na magonjwa yao huhamia kwa binadamu kirahisi zaidi. Na tayari dunia inafuga nguruwe kwa mamilioni.

Tarehe 7 Januari 2022, huko Baltimore, David Bennett mwenye miaka 57 alipandikizwa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni 10: nne za nguruwe zilizimwa, sita za binadamu ziliongezwa. Aliyepasua ni Bartley Griffith. Aliyeongoza utafiti ni Muhammad Mohiuddin, Mwislamu mzaliwa wa Pakistan. Bennett aliishi miezi miwili, na baadaye ilibainika kirusi cha nguruwe kilikuwa kimejificha ndani ya moyo ule.

Machi 2024, Boston, Richard Slayman alipandikizwa figo ya nguruwe aliyehaririwa jeni sehemu 69. Alifariki Mei mwaka huo, na hospitali ikasema hakukuwa na dalili kuwa figo ndiyo iliyomuua. Novemba 2024, New York, Towana Looney alipata figo ya aina hiyo, ikafanya kazi siku 130 kabla haijatolewa. Bado si tiba ya kawaida, lakini ukilinganisha na siku 4 za mwaka 1977, hatua zinaonekana.

Pemba inahusika vipi?

Figo zikifa, njia ni mbili: kusafisha damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kwa mashine kawaida ni mara 3 kwa wiki, kila mara saa kama 4. Anayeishi mbali na mashine analazimika kuhamia karibu nayo. Kwa mtu wa kisiwani maana yake ni boti, nyumba ya kupanga au kukaa kwa jamaa, na kazi kusimama.

Kupandikizwa nako kuna mlima wake. Kwa miaka mingi Watanzania walipelekwa India. Novemba 2017 ndipo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, kwa msaada wa madaktari kutoka India. Kwa kawaida anayetoa ni ndugu aliye hai. Familia isiyo na ndugu anayelingana, au ambayo kila ndugu ana kisukari au presha, inabaki na mashine tu.

Hapo ndipo nguruwe wa maabara anapoacha kuwa kichekesho. Wanazuoni wanatofautiana. Wapo wanaotegemea kanuni ya dharura: kilichoharamishwa huruhusiwa kwa kiasi cha kuokoa uhai, pasipokuwa na njia nyingine. Wapo wanaosema njia nyingine zikiwepo, kama mashine au figo ya ndugu, dharura haijatimia. Hoja zote mbili ni nzito, na mgonjwa ana haki ya kuzisikia kutoka kwa mwanazuoni anayemwamini, pamoja na daktari anayemwambia ukweli.

Jambo ambalo wengi hawalijui: sehemu ya nguruwe iko hospitalini siku nyingi. Dawa ya heparini, inayozuia damu isigande kwenye mashine ya kusafisha damu, hutengenezwa kwa kiasi kikubwa kutoka utumbo wa nguruwe. Valvu za moyo za nguruwe zinatumika tangu miaka ya 1960. Insulini ya zamani ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, mpaka ilipopatikana ya kutengenezwa kwa bakteria miaka ya 1980. Mgonjwa anayetaka kujua anaweza kuuliza, na akiuliza ajibiwe.

Na lipo la kufanya leo bila kusubiri Marekani. Presha na kisukari ndivyo vinavyoharibu figo nyingi, na vyote hupimwa kwa dakika chache. Mafindofindo ya mtoto yasipotibiwa yanaweza kuleta homa inayokula valvu za moyo, na dawa yake, penisilini, ni ya bei ndogo. Barnard alitumia miaka mingi kubadilisha valvu zilizoharibiwa na ugonjwa huohuo.

Maisha yake hayakuacha jibu la kila kitu. Alithibitisha kwamba kiungo kinaweza kuhama mwili na kuendelea kuishi. Hakupata mioyo ya kutosha, na wanyama aliowajaribu hawakumsaidia. Waliomfuata wamemgeukia mnyama ambaye Pemba inamfukuza shambani. Kama siku moja figo yake itafika hospitali za Afrika Mashariki, kibali kitatoka kwa madaktari na masheikh. Lakini uamuzi wa mwisho utakuwa wa mgonjwa na watu wake, kama usiku ule wa 1967 ulivyokuwa wa baba mmoja, kwenye ukumbi wa hospitali, akiwa na dakika chache tu za kufikiri.